Landrova ya Kijani

Mimi ni mwoga, wala sifichi. Naogopa radi, naogopa mbwa wa watu, naogopa simu inayolia alfajiri. Mume wangu amenicheka kwa hilo tangu ujana wetu, nami humjibu kwa methali aliyoniachia mama yangu: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwa hiyo aliponiambia, tumekaa nyuma ya nyumba yetu hapa Chanika, Handeni, tunapukuchua mahindi, kwamba anataka kwenda Dindira, kwetu milimani, kununua landrova, niliweka gunzi chini nikamtazama macho. Sikumtazama uso, nilimtazama macho.

Macho yake yalikuwa habari kubwa nyumbani kwetu, na hakuna aliyeitaja. Yalianza pole pole. Alimwaga chai nje ya kikombe, akasema kikombe kimehamishwa. Akawa anasoma ujumbe wa simu huku kioo kinamgusa pua. Asubuhi moja alitoka kwenda msikitini, akafika mlangoni akasimama, akasema kwa adabu zake zote, "Habari za asubuhi, bwana." Alikuwa anasalimia gunia la mkaa. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nikiwa bado nimekaa chini nikaanza kuogopa.

Nilimpeleka hospitali. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba kwa upasuaji mdogo tu ataona tena. Mume wangu alishukuru, akachukua kofia yake, akatoka, na hakurudi tena. "Kisu kwenye jicho," aliniambia njiani. "Hata kuku hafanyiwi hivyo." Basi nikagundua kwamba na shujaa naye ana la kwake analoogopa. Tangu siku ile neno macho halikutamkwa mbele yake. Leseni yake ya udereva ilikuwa bado hai. Macho ndiyo yaliyokwisha muda.

Na landrova yenyewe haikuwa landrova yoyote tu. Ilikuwa ile ile aliyoiendesha ujanani, alipokuwa dereva kwenye shamba moja la chai kule milimani, yeye Mzigua wa Handeni aliyekuwa anatetemeka kwa baridi mwezi wa saba huku sisi Wasambaa tunamcheka. Nami naikumbuka vizuri. Ilikuwa fupi, ya kijani cha jani changa la chai, imebeba tairi la akiba juu ya boneti. Vioo vya milango vilifunguliwa kwa kusukumwa pembeni. Chini ya kioo cha mbele kulikuwa na vifuniko viwili vya bati, ukivifungua unaingia upepo, na vumbi, na wakati mwingine nzige. Mlango wa kushoto ulikuwa haushiki, ukafungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

Maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia yalihusu mlango huo. Mama yangu alikuwa anaumwa, tukaomba lifti hadi zahanati, na mimi nikakaa dirishani. "Dada," akasema, "shika huo mlango, usije ukaondoka nao." Niliushika njia nzima, vidole vikafa ganzi. Baadaye alipokuja kuoa, landrova hiyo hiyo ndiyo iliyoniteremsha mlimani, na kila kona nililia. Wanawake walionisindikiza wakasema bibi harusi analilia kwao. Kumbe mwenzao nalilia roho yangu.

Shamba lilipoiuza, ilinunuliwa na mzee mmoja wa Dindira aliyekuwa anabebea kabichi. Mzee yule alipofariki, wanawe hawakuitaka tena. Kaka yangu, ambaye bado anaishi kule kwenye kiwanja cha baba, akapiga simu kutuambia kwamba inauzwa. Mume wangu akauza ng'ombe. Jirani yetu mmoja, kijana wa maneno mengi, akamwambia, "Mzee, kwa ng'ombe wale si ungechukua bodaboda mpya kabisa?" Akamjibu, "Bodaboda ina kumbukumbu gani?"

Nikapendekeza tutafute dereva wa kuileta. Aliniangalia, au aliangalia upande niliokuwapo. "Landrova yangu iletwe na mtu mwingine, mimi nimekaa pembeni kama mgonjwa?" Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nilifunga mzigo wangu pamoja na wake. Nilikwenda ili tukifa tufe wote, na nilipomwambia hivyo akadhani natania.

Dindira ilitupokea kwa ukungu. Landrova ilikuwa imeegeshwa kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba ya marehemu, imefunikwa turubai. Walikuwapo kaka yangu, wana wa marehemu, na wake zao wamesimama kando na vikapu vyao. Mwana mkubwa akavuta turubai.

Ilikuwa ya bluu. Si bluu ya kubabaika, bluu kali ya ndoo za plastiki, tena imepakwa kwa brashi, unaona mistari ya mkono wa aliyepaka. Nikafungua mdomo niseme lolote, hata neno la kuwatania wale vijana. Lakini mume wangu alikwisha sogea, mikono imetangulia. Akaushika mlango, akapapasa tairi la akiba, akakipata kibonyeo kwenye boneti ambacho yeye mwenyewe alikifanya kwa jiwe miaka hiyo, akacheka peke yake.

"Rangi ile ile," akasema.

Mwana mkubwa alimtazama kaka yangu, na kaka yangu akanitazama mimi.

"Si unaona, mama? Hawakuigusa. Kijani ile ile."

"Ndiyo," nikasema. "Ile ile."

Mtu asiyetujua atauliza kwa nini. Wale walikuwa watu wa kwetu. Mume wangu alikuwa amesimama mbele ya shemeji zake, kavaa koti lake zuri, kaja kununua kitu kwa ng'ombe wake mwenyewe. Ningesema bluu, angegeuka mzee kipofu anayepapasa gari la watu bandani. Mke gani anayemvua mumewe nguo mbele ya ndugu zake? Hivyo nikaivisha landrova rangi kwa mdomo wangu, na wote waliokuwapo wakanisaidia kwa kunyamaza.

Kaka alinifuata jikoni nilipokwenda kuaga. "Dada, shemeji anaona?"

"Anaona."

"Dada."

"Nimesema anaona!"

Akatikisa kichwa, akanifungia viazi vya kwenda navyo. Mama alikuwa na methali nyingine ambayo sikupenda kuikumbuka pale jikoni: mficha maradhi, kilio humfichua. Niliposikia huko nje injini inanguruma, baada ya mwana wa marehemu kuizungusha kwa hendeli, nikajitwisha viazi nikatoka.

Tulianza kushuka baada ya adhuhuri, ukungu ulipopanda juu kidogo. Hapo lazima niseme kweli: mikono yake ilikuwa inaona. Ilikwenda yenyewe kwenye kile kifimbo chenye kichwa chekundu kinachoipa landrova nguvu na kuinyima mbio, ikakivuta, na gari likashuka kwa mwendo wa mtu anayekwenda kisimani, injini ndiyo inalizuia. Breki ilikuwa ya kubembeleza. Pedali ukiikanyaga mara ya kwanza ilikwenda hadi chini bila kitu, mara ya pili ndipo ikashika. Mwana wa marehemu alituambia hilo akicheka, kama anayetuambia tabia ya mbuzi.

Mimi nilikaa dirishani kushoto. Mlango sasa ulikuwa unashika, lakini nilijikuta nimeushika.

Hatukwenda mbali, nikamwona mzee mmoja mbele yetu upande wangu, kabeba kuni begani, ametupa mgongo. Landrova ilikuwa inamwendea moja kwa moja. Mume wangu alikuwa ametulia tuli, anatazama mbele, anatabasamu. Nikataka kusema kuna mtu. Neno likanikwama, maana kumwambia kuna mtu ilikuwa ni kumwambia huoni, na hilo hatukuwa tumewahi kuambiana. Koo langu likaamua lenyewe.

"Shikamoo, mzee!" nikapiga kelele dirishani.

Usukani ukasogea kulia, taratibu, kiasi cha kutosha. Mzee wa kuni akageuka, akajibu marahaba, na mume wangu naye akamsalimia kwa heshima tukipita. Nikamtazama usoni. Hakunitazama. Lakini alikuwa ameelewa, na alijua kwamba nami nimeelewa.

Tangu hapo nilimsalimia kila aliyekuwa njiani. Kwetu hilo si ajabu, mtu hapiti mtu kimya kama anapita mti, kwa hiyo hakuna aliyenishangaa. Waliokuwa kushoto niliwasalimia kwa dirisha langu. Waliokuwa kulia nilijinyoosha mbele ya kifua chake nikawasalimia kwa dirisha lake, naye akajua wapo upande wake. Wanawake wa chai wakirudi na vikapu: "Poleni na kazi!" Watoto wa shule: "Hamjambo?" Tulipokuta ng'ombe wamejaa njia nzima, nilimsalimia mchungaji kwa sauti ya kutosha kijiji, na mchungaji wala hakuwapo. Nilisalimia ng'ombe.

Kona nazo zilitaka maneno yao. Hizo nilizipa kumbukumbu. "Hii si ndiyo ile kona uliyopata pancha, nikakaa juu ya jiwe nakula mua?" Naye anakata kona, anasema, "Ndiyo hiyo, na ulinimalizia mua wote." Nasema, "Na ile inayofuata, ulipomkuta mchungaji wa kanisa kakwama matopeni?" Anakata kushoto, anacheka. Barabara ile aliijua kichwani, kila kona na kisa chake. Ukitusikia ungesema wazee wawili wamepata raha. Mimi jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni katika baridi ile, kwa sababu kila kisa kitamu kilikuwa na bonde lake pembeni.

Kisha tukafika mahali pasipo na kisa.

"Sasa inakuja ile ya mkuyu," akasema. "Kulia kabisa." Na mikono yake ikaanza kugeuza usukani kulia.

Mkuyu haukuwapo. Mlima ulikuwa umeporomoka, labda mvua za karibuni, labda za zamani, na umeondoka na mkuyu wake na kipande cha barabara. Njia ya zamani ilikuwa inakwenda kulia kidogo tu, halafu inakwisha hewani. Kabla ya kukwisha, watu wametandaza matawi mabichi njiani, kama ilivyo desturi ya kuonya madereva. Onyo hilo ni la mwenye macho. Njia mpya ilichongwa kushoto, nyembamba, inabana ukuta wa udongo mwekundu.

Sikuwa na kumbukumbu ya kumpa. Nilitafuta kichwani, kichwa kitupu. Matawi yakaanza kuvunjika chini ya tairi, nikayasikia.

"Simama!" nikasema. "Nataka kwenda haja."

Pedali ya kwanza, hamna kitu. Ya pili, tukasimama. Niliteremka, nikajificha nyuma ya kichaka kama mtu mwenye haja kweli. Kutoka pale niliona vilele vya miti chini kabisa, midogo kama mchicha, na upande wa gari uliokuwa unaning'inia juu ya vilele hivyo ulikuwa upande wa mume wangu. Alikuwa kaweka kiwiko nje ya dirisha, anapiga mluzi. Nililia pale kichakani, kwa haraka, nikapangusa uso kwa khanga, nikarudi.

"Wamechonga njia mpya," nikasema nikiwa nakaa. "Iko kushoto. Nzuri kuliko ile."

Mluzi ukakoma. "Kushoto sana?"

"Sana. Mpaka majani yanigonge mkono."

Akarudisha gari nyuma, akakata kushoto. Nikautoa mkono wangu wote nje, na majani ya ukutani yakaanza kuniparura, nami sikuurudisha ndani mpaka ukuta ulipokwisha. Hadi leo nina alama ndogo hapa karibu na kiwiko. Hakuniuliza kama nimeumia, na mimi sikumwambia.

Tulipofika tambarare, joto likatupokea, na mashamba ya mkonge. Ilibaki barabara kuu, ile ya lami ya mabasi makubwa, ambayo ilitubidi kuivuka ili kwenda Old Korogwe, anakokaa binti yetu na mumewe. Tulipanga kulala kwao. Nikamwomba asimame pembeni ninunue ndizi. Nikanunua ndizi nikitazama lami, nikamwuliza mama muuzaji habari za watoto wake nikitazama lami, na nilipoona nyeupe pande zote mbili, hakuna gari, nikaruka ndani na kusema, "Haya, twende, twende!" Tukavuka. Nyuma yetu basi likapita kwa honi ndefu, na landrova nzima ikatikisika kwa upepo wake.

Hapo nikavuta pumzi. Nikajiambia yamekwisha. Mlima umebaki nyuma, lami imebaki nyuma, mbele yetu njia ya vumbi iliyonyooka, kisha nyumba ya binti yangu na maji ya kuoga. Kesho, nikajiambia, kesho nitasema na binti yetu, naye atasema na baba yake, watoto wa kike wanajua namna ya kusema na baba zao. Mume wangu naye alijisikia mwepesi. Akakirudisha kile kifimbo chekundu, akaingiza gia ya tatu, na landrova ikaanza kukimbia.

"Sasa unaogopa nini?" akaniuliza.

"Leo siogopi," nikasema, na nikacheka.

Jua lilikuwa limeanza kushuka, linatupiga usoni. Njia ilikuwa tupu, nami nilikuwa kimya. Na kimya changu, tangu kule mlimani, kilikuwa na maana moja tu: njia nyeupe, endelea.

Ndipo nikamwona mkwe wangu.

Hapa inabidi nieleze tulivyolelewa. Watoto wa siku hizi wanakula sahani moja na wakwe zao, wanapiga nao picha. Mimi nililelewa kwamba mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawaitani, wakikutana njiani mmoja hutoa mwili pembeni na kuinamisha kichwa. Kijana yule ni mtu mwema, anaendesha kirikuu ya watu, kigari kidogo cha mizigo, kubeba machungwa, na tangu aoe sijapata kumtazama usoni wala kumtamkia neno. Salamu zetu hupita kwa binti yangu. Ndiyo heshima niliyoijua, na mwili wangu umeizoea kiasi kwamba hausubiri niuambie.

Alikuwa amekuja kutulaki, na baiskeli, gunia la machungwa nyuma. Nilimtambua kwa shati lake kutoka mbali. Na kichwa changu kikainama chenyewe. Nikavuta khanga usoni, nikatazama magoti yangu, nikafunga mdomo.

Nilisikia injini inaongeza mbio. Nilisikia mume wangu ameanza tena ule mluzi wake. Nikawaza: kijana yuko pembeni, atangoja pembeni. Nikawaza: nikimsalimia huyu nitakuwa nimefanya nini? Halafu nikawaza jambo lililonipasua moyo, kwamba mimi ndiye macho ya gari hili na nimeyafunika kwa khanga. Nikainua kichwa. Mkwe wangu alikuwa katikati ya njia. Alikuwa ameinua mikono yote miwili, anacheka, anatukaribisha, kwa sababu ni baba mkwe wake anayekuja, na baba mkwe wake anamwona.

"Mkwe!" nikapiga ukelele. "Mkwe wangu! Mkwe!"

Pedali ya kwanza ikaenda bure. Usukani ukazunguka, kitu kikagonga bamba la mbele, chuma kikalia juu ya chuma, pedali ya pili ikashika, tukaserereka katika vumbi na kuzimika. Machungwa yalikuwa yanaviringika njia nzima. Moja lilikwenda mbali sana, nikalifuata kwa macho, maana sikutaka kutazama pengine popote.

"Yuko wapi?" mume wangu akasema. Sauti yake sikuitambua. "Nani yule? Yuko wapi? Nimemuua?"

Vumbi likatulia. Mkwe wangu alitoka mtaroni kwa miguu yake mwenyewe. Goti lilikuwa linatoka damu, shati limechanika, uso umejaa vumbi. Akaja akasimama mbele ya gari, hatua moja tu kutoka kwenye boneti, jua lote limemwangukia, akaweka viganja vyake juu ya bati, nadhani ili asianguke.

Na mume wangu, ambaye hakukuwa na kitu kati yake na kijana yule isipokuwa kioo, akaendelea kuuliza. "Niambie, mama. Usinifiche. Amelala wapi? Amelala wapi jamani?"

Mkwe wangu alimtazama. Alimtazama muda, akaona macho yale yanavyotafuta kulia, yanatafuta kushoto, yanampita. Kisha akageuza uso akanitazama mimi. Nami sikuinama. Kwa mara ya kwanza tukatazamana, na nikaona kwamba ana macho ya mtu anayetaka kulia na hajui kama anaruhusiwa.

"Haoni," nikamwambia. "Baba yako haoni, mwanangu."

Mluzi, visa, mua, kona ya pancha, vyote viliishia katika neno hilo. Mume wangu akaweka mikono juu ya usukani, akaishusha. Akachomoa ufunguo, akautoa nje ya dirisha lake, mkono umenyooka, akaushikilia hewani, bila kujua kama kuna mtu wa kuupokea. Mkwe wangu akazunguka boneti akichechemea. "Shikamoo, baba," akasema, na akaupokea kwa mikono miwili.

Tulilala kwao. Chakula kilikuwa kizuri na hakuna aliyekila. Binti yangu alimfunga mumewe goti, akaniuliza kwa macho, nikamjibu kwa macho. Mkwe alisema tu kwamba hospitali atampeleka baba yeye mwenyewe, na kwamba hatamwacha peke yake kwa daktari. Tulingoja neno kutoka kwa mzee. Hakusema ndiyo, ila safari hii hakusema habari za kuku.

Asubuhi mkwe akatuendesha kwenda Handeni. Mimi nilikaa katikati, mume wangu dirishani kushoto, mkono kaushika mlango kama nilivyowahi kuushika mimi. Tulipovuka daraja la mto Pangani, maji yakasikika chini yetu, akaongea kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Rangi yake ni gani?"

Mkwe alitazama mbele. Hilo halikuwa lake.

"Bluu," nikasema.

"Bluu gani?"

"Ya ndoo za plastiki."

Akatikisa kichwa pole pole. "Na kaka yako aliona."

"Wote waliona."

Akapitisha kiganja juu ya bati la mlango, upande wa nje, akarudia tena, kama anayetafuta mahali bluu inapoanzia. Nilingoja hasira yake. Ningeipokea, ningeiona ni haki yangu. Tukapita nyumba, tukapita duka, tukapita watu, na mimi niliogopa hata kupumua kwa nguvu.

"Mbona umenyamaza?" akasema.

"Niseme nini?"

"Hakuna watu hapa njiani?"

Walikuwapo. Mbele yetu, upande wa kushoto, bibi mmoja alikuwa anatembea na ndoo kichwani, na mkwe alikwisha mwona zamani na kupunguza mwendo. Hakukuwa na hatari yoyote. Nikajinyoosha mbele ya kifua cha mume wangu, nikatoa kichwa dirishani.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, wanangu," bibi akajibu.

Mume wangu aligeuza uso kuifuata sauti, akainua mkono kumpungia, na mkono wake ulielekea pale pale bibi alipokuwa.